Rangi Nilizomwandikia Kaka kwa Namba

Ijumaa ya tarehe 17 Novemba 2006, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba niliyokuwa nikiishi na mama yetu, mtaa wa Ghubra, huku nchi za Kiarabu, nikiondoa ukijani kwenye wingu la gesi ambalo mwanga wake, kwa maelezo ya kaka yangu, uliondoka huko kabla mtu hajapanda mkarafuu wa kwanza Unguja. Kaka hakuweza kutueleza umbali wa kitu chochote cha mbinguni bila ya kutia ndani yake karafuu, mchele au safari ya Hija, kwani aliamini kwamba mimi na mama hatungemfahamu vinginevyo. Mimi nina shahada ya kemia. Mama alikuwa na subira, na hiyo pengine ilihitajika zaidi.

Aliingia na kikombe chake cha kahawa, akasimama nyuma ya kiti changu na kutangaza:

"Nimekubali. Baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, nawaonesha wanachama wote namna ninavyotia rangi. Kwenye skrini kubwa, mwanzo hadi mwisho."

Wanachama ni wa jumuiya ya wapenzi wa nyota, watu hamsini hivi, ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakizisifu picha za kaka kwa rangi zake. Nilikiacha kipanya. Kaka yangu hatofautishi nyekundu na kijani. Rangi zile nilikuwa nikizitia mimi, na katika miaka mitatu hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kulitamka jambo hilo.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wengi hudhani kwamba mawingu ya mbinguni hupigwa picha kama maharusi, mara moja na yakatoka na rangi zake. Kamera ya kaka haikuwa na rangi hata moja. Alikuwa akiifunga kwenye darubini, akaweka mbele yake chujio la kioo chekundu na kupiga picha kadhaa ndefu, kisha la kijani, kisha la buluu. Kilichonifikia mimi kwenye sidii kilikuwa ni rundo la picha za kijivu, zenye madoadoa na zisizopendeza. Kwanza nilitoa kasoro za kamera yenyewe, kwa kutumia picha alizozipiga kwa makusudi darubini ikiwa imefunikwa. Kisha nililaza picha juu ya picha mpaka chengachenga zikafifia, nikaunganisha kijivu cha nyekundu, cha kijani na cha buluu kuwa picha moja, na hapo ndipo rangi zilipozaliwa, mara zote zikiwa mbaya. Kuzirekebisha kulichukua siku. Ilinibidi kuuvuta mwanga taratibu bila ya kuziunguza nyota, na kuupunguza ule ukijani ambao hubakia katika picha hizo kama maji ya bwawa. Kazini nilikuwa msimamizi wa maabara ya kupima maji, na nusu ya maisha yangu nimeitumia kutazama chupa ili nijue ni tone lipi lililobadilisha rangi. Jicho la kazi hiyo nilikuwa nalo.

Kaka naye alikuwa mhandisi katika idara ya barabara. Mchana alipanga nguzo za taa, jioni aliukimbia mwanga wake. Mwanzoni alikuwa akipigia picha katika kijiji cha Qantab, kwenye kona yenye giza zuri, mpaka idara yake mwenyewe ilipopeleka taa huko, kwa mchoro uliotiwa saini na yeye mwenyewe. Tangu hapo akawa akienda nyuma ya milima, na kila Ijumaa alikuja kula kwetu na sidii mfukoni, akinikabidhi kwa maneno yale yale: "Hebu nisafishie hizi, macho yangu yamechoka." Macho hayo yaliyochoka yaliweza kuona unywele mmoja juu ya kioo cha darubini.

Nilijuaje? Kwa picha aliyoileta mezani miaka mitatu kabla. Hadi wakati huo alikuwa akipiga Kilimia tu, msimu baada ya msimu, kundi lile la nyota lenye ukungu wa buluu, na sisi tulidhani ni mapenzi. Zile alizitia rangi mwenyewe, na zilikuwa nzuri kweli. Siku hiyo alileta wingu jekundu, la kwanza maishani mwake, limechapishwa kwa ukubwa wa sinia. Aliliweka kati ya bakuli la mchuzi na bakuli la achari, akasubiri.

Mama aliitazama picha kwa makini. "Mashaallah," alisema. "Kisamvu hiki kapika nani?"

Wajukuu walicheka, kaka naye akacheka, akasema kwamba kioo cha kompyuta yake ni kibovu. Wiki ile ile alinunua kioo kipya. Ijumaa iliyofuata akaleta picha nyingine, na safari hii kisamvu kilikuwa kimekolea nazi. Wakati wengine wakimtania, mimi nilikumbuka mambo ambayo sikuwahi kuyapanga pamoja: mama alivyokuwa akimtolea nguo za kuvaa mpaka akiwa mtu mzima na ndevu zake, na mkewe alivyoipokea kazi hiyo siku ya pili ya harusi bila ya kuuliza wala kuelezwa na mtu.

Kwetu, upungufu wa ndugu hausemwi. Hufunikwa, na anayefunika hujifanya hana alichokiona. Nilimwambia kwamba nina hamu ya kujifunza programu ile, kwa hiyo aniletee mimi picha nizisafishe. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Sasa alikuwa amesimama nyuma yangu na kahawa yake, ameahidi mbele ya watu hamsini.

"Nataka uniandikie," alisema. "Hatua kwa hatua, unavyofanya. Lakini namba tu. Mimi mhandisi. Ukiniambia 'punguza kidogo mpaka ipendeze,' mimi hiyo kidogo siijui kipimo chake."

"Na macho yako? Yakipumzika si utaona mwenyewe?"

"Namba, bibi. Macho niachie mimi."

Nilimfahamu. Alitaka kupita mbele ya watu bila ya kujulikana, nami niliazimia apite. Ilikuwa inawezekana. Programu ile, ukiweka mshale wa kipanya mahali popote kwenye picha, huonesha kwa tarakimu kiasi cha kila rangi mahali hapo. Mtu aliyefumba jicho moja angeweza kuifuata njia kwa tarakimu peke yake, almuradi picha iwe ni ile ile na njia iwe ni ile ile. Tulichagua wingu tulilokuwa tukiliita Waridi, kwa kuwa lina umbo la ua lililochanua na ni jekundu karibu lote. Niliandika kurasa nne, kwa mwandiko wangu wa maabara.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nililifanya kwa adabu. Sikutaka ajue kwamba najua. Kwa hiyo katika kurasa nne zile hamkuwa na neno nyekundu, wala kijani, wala buluu. Niliandika "ya kwanza", "ya pili" na "ya tatu". Hata majina ya mafaili, ambayo alikuwa ameyaandika mwenyewe kwa herufi za rangi zake, niliyafuta nikaweka moja, mbili, tatu. Katika programu kulikuwa na visanduku vitatu vya kutilia mafaili hayo, na kila kisanduku kilikuwa na kidoa cha rangi pembeni badala ya maandishi. Nikaandika: "Tia moja katika cha juu, mbili katika cha kati, tatu katika cha chini." Niliisoma kazi yangu mara mbili, nikaridhika. Ilikuwa ni karatasi ya rangi isiyokuwa na rangi hata moja, na nilijiona mtu mstaarabu sana.

Tulifanya mazoezi Ijumaa mbili. Mama alihamishia kiti chake chumba cha nyuma ili asipitwe.

"We mtoto," alimwambia kaka, aliyekuwa na miaka hamsini na mjukuu mmoja, "mbona unasoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya panya? Changamka."

"Mama, nahesabu."

"Hesabu ukitabasamu. Watu wanakuja kukutazama wewe, si hilo ua tu."

Waridi lilitoka jekundu mara zote mbili. Mama aliridhika, kisha akaharibu. "Nnaona zuri. Haya, sasa lifanye bila ya karatasi."

"Mama, hata rubani ana karatasi yake."

"Wa namna hiyo mimi sipandi ndege yake."

Kaka alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilicheka pia, lakini nilimwona alivyoikunja karatasi ile mara nne na kuitia katika mfuko wa kifuani wa kanzu yake ya dishdasha, kama mtu anayetia pasipoti.

Alhamisi yenyewe, baada ya sala ya Magharibi, tulikwenda katika ukumbi mmoja upande wa Bustan. Mama alibakia nyumbani kwa sababu ya magoti yake, akitutaka tumletee habari zote, hasa za watakaolala. Katibu wa jumuiya, daktari wa meno wa Kihindi mwenye sauti ya upole iliyowafaa wagonjwa wake, alimkaribisha kaka kwa maneno mazuri kiasi cha kunitia baridi: eti leo tutaiona siri ya rangi zake. Nilikaa safu ya tatu. Kompyuta ilikuwa ya jumuiya. Programu ilikuwa ni ile ile yetu, ila wao walikuwa na toleo jipya, na hilo halikunishughulisha.

Kaka alianza vizuri. Alitoa kasoro za kamera, akalaza picha juu ya picha, akatania kidogo kuhusu taa za barabarani na mtu anayezisimamia. Alifika kwenye visanduku vitatu. Hapo alitazama karatasi, kama mtu yeyote mwenye wasiwasi anavyotazama karatasi, akatia moja juu, mbili kati, tatu chini, akabonyeza.

Waliotengeneza toleo lile jipya walikuwa wamevipindua visanduku. Cha juu kilikuwa cha buluu.

Mbele ya watu hamsini, kwenye skrini ya ukuta mzima, likachanua waridi la buluu.

Ingekuwa ni rangi nyingine yoyote, kaka angeendelea kwa imani yake na karatasi yake. Lakini buluu anaiona. Ndiyo rangi anayoiona kuliko sisi sote. Alisimama. Akatazama skrini, akatazama karatasi, kisha akainua kichwa na kunitafuta mimi katika safu ya tatu.

Nilijua kilichotokea kabla hajanipata. Nilichotakiwa kukifanya kilikuwa rahisi: kuinuka, kwenda mbele, kubadilisha faili mbili. Lakini kuinuka kungekuwa ni kuwaambia watu wote kwamba siri ile ilikuwa yangu, na kwa nini ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeilinda miaka mitatu. Sikujua namna ya kuiacha kwa dakika moja. Nikautazama mkoba wangu. Niliutazama kwa bidii, kana kwamba umeandikwa kitu.

Ukumbi ulikuwa na adabu zake pia. Mtu mmoja alisema kwamba buluu ile inapumzisha macho. Katibu aliuliza kwa upole kama huu ni mtindo mpya.

"Hapana," kaka alisema, kwanza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza ili asibakie mtu. "Hili nimelikosea, na hili naliona. Mengine siyaoni. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja tokea kuzaliwa. Rangi mnazozisifu anazitia dada yangu, yule pale anayetazama mkoba."

Kisha, upande wa kulia, makamu mwenyekiti wa jumuiya, Mwingereza mstaafu, akainua mkono taratibu na kusema kwamba yeye pia. Ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, na guno lile nililielewa. Kwa miaka sote tuliohudhuria tulikuwa tumezisifu picha zake za galaksi za kijani, kila mmoja wetu akidhani ni peke yake aliyeona kasoro, na kila mmoja akiifunika.

Waliniita mbele. Nilibadilisha mafaili, waridi likawa jekundu, watu wakapiga makofi. Wengi walimzunguka kaka baadaye, wakamshika mkono, na sikumwona hata mmoja aliyemtazama kwa jicho la dharau. Aibu niliyokuwa nikiiogopa kwa niaba yake haikumpata. Nilipanda gari nikiwa nimechangamka, tayari kumtania.

Yeye aliendesha mpaka taa za njia panda, ambapo alisimama kwa usahihi kamili. Taa anazijua kwa juu na chini.

"Tokea lini?" aliuliza.

"Tokea kile kisamvu."

"Miaka mitatu."

"Na wewe si ulijua kwamba najua?"

"Mimi," alisema, akitazama mbele, "nilijua kwamba unazipenda picha zangu."

Taa ya chini ikawaka, tukaenda.

Ijumaa iliyofuata alikuja kula, bila ya sidii. Na iliyofuata. Alizungumza juu ya bei ya mbuzi, juu ya magoti ya mama, juu ya mkwe wake, mbingu hakuigusa. Nilipomtania kuhusu makamu mwenyekiti alitabasamu kwa heshima, kama mgeni, na hakuna tabasamu lililowahi kuniuma kama hilo. Idi Kubwa ikaja ikapita. Kaka aliweza kustahamili kutokuziona rangi. Asichoweza kukistahamili ni kufikiri kwamba kila Ijumaa, alipodhani tunafanya kazi pamoja, mimi nilikuwa nikimhudumia kama mtu anavyomhudumia mgonjwa, na kila niliposema "nzuri hii, kaka," nilisema kwa huruma.

"Kompyuta yako imefiwa?" mama aliniuliza, akisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Mwanao hanipi kazi, mama."

"Basi muandikie. Nyie mkikaa mnataniana tu, hamfiki popote. Nnakujueni toka mko tumboni."

Nilimwandikia barua, nikaitia posta, ingawa kutoka nyumbani kwetu hadi kwake ni mwendo wa kumaliza tasbihi moja. Ilimfikia katika sanduku lake la kazini. Nakala yake ninayo, na ilikuwa hivi:

*Kwa kaka yangu mpenzi,*

*Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu nikikwambia utanichekesha, nami nikicheka nitaacha nusu ya maneno.*

*Nilikosa mara mbili. Kwanza nilikuandikia karatasi ya rangi bila ya rangi, kwa kuwa niliona vibaya kulitamka jambo lako. Kama ningeandika neno nyekundu mara moja tu, ungelitafuta kisanduku chake na ungelipata. Kisha, uliponitazama, nilitazama mkoba. La kwanza lilikuwa ujinga. La pili lilikuwa woga, na kwa hilo nakuomba radhi.*

*Lakini juu ya lile ulilolisema garini, umekosea wewe, na hapa sikuombi radhi. Mimi sijui kusifu kwa huruma. Waulize wafanyakazi wangu wa maabara. Wewe ndiye uliyenionesha ule uzi wa vumbi unaopita katikati ya Waridi, katika picha ya kijivu, mahali ambapo mimi niliona kijivu tu. Nilikuwa karibu kuufuta nikidhani ni uchafu. Katika kijivu wewe unaona kuliko mimi, na katika Kilimia sijakufikia na sitakufikia. Picha niliyosema ni nzuri ilikuwa nzuri. Ile ya Machi nilisema mbaya, na ilikuwa mbaya, na ulininunia siku mbili.*

*Nataka tufanye hivi. Usiniachie tena sidii ukaondoka. Ukae kiti cha pembeni. Mpaka mwisho wa kijivu kipanya kiwe mkononi mwako, na mimi nitanyamaza, nikiweza. Tukifika kwenye rangi nakichukua mimi, na nitakutajia kila ninachokifanya kwa jina lake: hapa napunguza kijani, hapa naongeza nyekundu. Utauliza kwa nini, nami nitalazimika kujua kwa nini, jambo ambalo mara nyingi silijui.*

*Picha za nyekundu za Waridi hazitoshi. Uliniletea kumi na mbili, na tatu kati yake zimepitiwa na ndege. Mwezi sasa unapungua. Wiki ijayo nenda nyuma ya milima ukapige nyingine ishirini. Na kabla hujaenda, liangalie lile chujio lekundu. Mkwaruzo ulioutia ukingoni mwake ili usilichanganye na la kijani niliuona zamani. Unaleta mng'ao kwenye kona ya chini ya kila picha, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiufuta bila ya kukwambia. Utie rangi nyeusi.*

*Mama anakusalimu.*

*Mdogo wako.*